Bata Anayetoa Moshi: Mafunzo Niliyopata Tunduma Kuhusu Vyetezo vya Shaba vya Kijapani

Shaba ya Zambia na Kongo hupita Tunduma usiku na mchana, imefungwa mikanda juu ya malori yanayoelekea bandari ya Dar es Salaam. Kwenye barabara hiyohiyo, kutoka upande wa pili, yanapanda magari yaliyotumika kutoka Japani. Madereva wa IT, yaani wa magari yanayopita tu kwenda nchi nyingine, wanayakimbiza kuvuka Nakonde na kwenda mbele zaidi. Mimi ni fundi rejeta. Ninakaa katikati ya misafara hiyo miwili na kazi yangu ni kulehemu, kwa hiyo watu huniletea kila kitu cha shaba kinachowatatiza: mabomba, kengele, masinia, vali za mashine zisizo na jina. Na mara chache huniletea mnyama.

Huyo mnyama anaweza kuwa bata aliyelaza shingo mgongoni, simba mwenye nywele za mawimbi aliyekanyaga mpira, au ng'ombe aliyepandwa na mtoto. Ndani ni mtupu na ana tundu mdomoni. Ni chetezo kilichosubiwa Japani, mara nyingi katika enzi ya Meiji, yaani kati ya 1868 na 1912. Vingine hutoka kwenye nyumba za zamani za wageni waliofanya kazi migodini Kitwe na Ndola, vingine huja vimechanganyika na mitumba ya vyombo. Anayekileta kwa kawaida anajua uzito wake tu. Nimeandika haya kwa ajili ya mtu atakayekuwa na mnyama kama huyo mkononi, kabla hajamfikisha kwenye mizani ya chuma chakavu.

1. Mfungue kabla hujauliza bei

Mnyama wa shaba aliyezibwa pande zote ni sanamu. Chetezo lazima kifunguke. Kwa bata, mara nyingi mgongo na mabawa ndiyo kifuniko; kwa simba wa Kijapani, anayeitwa shishi, kichwa huinuka kwa bawaba au hung'oka chote. Kisha tafuta njia ya moshi: mdomo uliotobolewa, pua, au matundu yaliyofichwa kati ya manyoya. Kama kifuniko kipo lakini moshi hauna pa kutokea, huenda una kasha la kuwekea vitu.

Baada ya hapo washa tochi ya simu uangalie ndani. Nje fundi alimalizia kwa tindo ndogo, unyoya baada ya unyoya. Ndani hakuwa na mtu wa kumpendeza, na ndiyo maana mimi huamini ndani kuliko nje.

Namna ya kale ya kuvisubu ilikuwa hivi. Fundi alitengeneza kiini cha udongo chenye umbo la mnyama, akakivika nta iliyochanganywa na utomvu wa msonobari ili ichongeke vizuri. Kwenye nta hiyo akachora kila kitu: kucha, kope, mkunjo wa ngozi shingoni. Akaipaka udongo laini wa majimaji, tabaka juu ya tabaka, halafu udongo mzito wenye mchanga. Kalibu ilipochomwa, nta iliyeyuka ikatoka na kuacha nafasi tupu kati ya kiini na ganda, na shaba ikamiminwa katika nafasi hiyo. Ilipopoa, ganda lilivunjwa na kiini kikakwanguliwa. Nta imekwenda, kalibu imevunjwa, na hakuna bata wa pili atakayetoka humo.

Kwa hiyo ndani utakuta mabaki ya udongo kwenye pembe ambazo chombo cha kukwangulia hakikufika, hasa kichwani na miguuni. Utakuta uso wa chuma wenye chengachenga, na pengine viraka vidogo vya mraba mahali palipokuwa na vishikizo vya kuzuia kiini kisisogee. Nakala zinazotengenezwa kwa haraka siku hizi mara nyingi zina mstari wa kiungo ubavuni uliosuguliwa kwa mashine, na ndani ni laini mno.

2. Mizani haimjui fundi

Mama mmoja anayenunua chuma chakavu alinisimamia mlangoni akiwa na shishi ndani ya kiroba. "Fundi, huyu ni kilo mbili na ushee. Unamtaka au nimpeleke na wenzake?"

Nilimjibu kwa lugha ya biashara yake. "Mama yangu, huyu si waya wa shaba. Amechanganywa bati na risasi. Ukimyeyusha, wenye viwanda hawatakupa bei ya shaba safi."

Hilo ni kweli, na kila anayefanya biashara ya skrepa anatakiwa alijue. Shaba iliyosubiwa Japani kwa vyombo vya aina hii mara nyingi ina risasi, kwa sababu risasi hurahisisha chuma kutiririka hadi kwenye ncha ya unyoya na husaidia rangi kushika. Sifa hiyohiyo iliyomsaidia fundi wa kule ndiyo inayomshushia bei mnunuzi wa huku. Akiwa mzima, mnyama huyo ana thamani inayoweza kuzidi sana thamani ya kilo zake. Akishayeyuka, hubaki uzito wake tu.

Wajapani wenyewe wamepitia mizani hii. Mwaka 1941, wakiwa vitani, serikali yao ilitoa amri ya kukusanya vyuma. Kengele nyingi sana za mahekalu zilishushwa na kuyeyushwa, na pamoja nazo sanamu na vyombo vya majumbani. Hata sanamu ya mbwa Hachiko, iliyosimamishwa Tokyo mwaka 1934 kwa heshima ya mbwa aliyeendelea kumsubiri bwana wake stesheni baada ya bwana huyo kufa, iliingia tanuruni. Inayoonekana leo ni ya 1948. Vyetezo vilivyokwisha kuuzwa ng'ambo havikuguswa na amri ile. Ndiyo sababu mnyama aliyefika Afrika ana bahati ambayo wenzake wengi waliobaki nyumbani hawakuipata, na inauma kumwona akimalizikia kwenye tanuru la uchochoroni.

Sisemi kwamba kuyeyusha ni dhambi. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, wachimbaji wa mambo ya kale wakiongozwa na Mark Horton walimpata simba mdogo wa shaba, urefu wake kama sentimita sita, wa miaka ya karibu na 1100. Wataalamu wanadhani alisubiwa kwa sarafu za China zilizoyeyushwa. Ikiwa ndivyo, basi fundi wa pwani yetu alifanya jambo jema: sarafu zile zilisubiwa kwa mamilioni, na simba ni mmoja. Kinachofanyika uchochoroni ni kinyume chake. Kilicho kimoja kinageuzwa kuwa kitu ambacho dunia imejaa.

3. Waliovisubu walikuwa wamepokonywa kazi

Hili ndilo fundisho lililonigusa kuliko yote, kwa sababu nimezaliwa Mbozi.

Kwa karne nyingi mafundi hodari wa vyuma Japani walitegemea upanga. Mhunzi alifua chuma chenyewe, na wengine waliishi kwa kutengeneza vifaa vyake: kikinga mkono, vifungo vya mpini, mapambo madogo ya shaba, fedha na dhahabu. Mwaka 1876 serikali ya Meiji ilipiga marufuku kuvaa panga hadharani, isipokuwa kwa wanajeshi, polisi na shughuli rasmi. Wateja waliondoka mara moja. Mtu aliyekuwa na uwezo wa kuchonga panzi mwenye miguu yote sita kwenye kipande cha shaba kinachotosha ukucha wa gumba alibaki na tindo mkononi bila la kufanya.

Ila soko jingine lilikuwa limeshafunguliwa. Mwaka 1873 Japani ilipeleka bidhaa zake kwenye maonyesho ya dunia mjini Vienna, na Wazungu wakashangaa. Mwaka uliofuata ikaanzishwa kampuni ya Kiritsu Kosho Kaisha, kwa kuungwa mkono na serikali, ili kuuza kazi za mikono nje ya nchi. Mafundi wakageukia vyetezo, vyungu vya maua na wanyama. Suzuki Chokichi, aliyekuwa mmoja wa mabingwa wa kusubu, alionyesha vipanga wake kumi na wawili wa shaba Chicago mwaka 1893. Kila ndege ana mkao wake, na ukitazama makucha unajua kwamba aliyewatengeneza aliwatazama vipanga hai kwa muda mrefu. Wengi wa wanyama wanaofika mezani kwangu ni watoto wa kipindi kile: kazi ya mikono iliyozoea upanga, ikafanyishwa bata.

Kwetu pia, Wanyiha wa Mbozi walikuwa wanayeyusha chuma. Majirani zao Wafipa walijenga matanuru ya udongo yaliyomzidi mtu kimo, yanayovuta hewa yenyewe kwa matundu ya chini, na wahunzi wakamalizia kazi kwa mivukuto na nyundo. Jembe, shoka na mkuki vilitoka katika udongo wetu wenyewe. Majembe ya kiwandani yalipoingia kwa wingi katika enzi ya ukoloni, matanuru yalizimwa, na waliokuwa wanajua kuchagua udongo wenye chuma, aina ya mkaa na saa ya kuufungua moto walizeeka na elimu yao. Hakuna aliyewapeleka kwenye maonyesho ya Vienna. Hakuna kampuni iliyoundwa kuwauzia. Ninapomshika shishi wa enzi ya Meiji naona tofauti kati ya fundi aliyepokonywa kazi akaonyeshwa mlango mwingine, na fundi aliyepokonywa kazi akaachwa hapohapo. Ustadi wa wale wa kwetu haukuwa mdogo.

4. Limau na majivu vikae mbali

Watu wa pwani wana ada nzuri ya kusugua shaba. Buli, sinia na dele la kahawa huoshwa kwa limau, ukwaju au majivu mpaka ving'ae, na sikukuu ikikaribia utasikia msuguo huo nyumba hadi nyumba. Kwa vyombo vile ni sahihi, maana viliumbwa ving'ae.

Chetezo cha Kijapani hakikuumbwa king'ae. Rangi yake ya kahawia, nyeusi au kijani iliyofifia ilipikwa na fundi kwa makusudi. Chombo kilichokwisha kusuguliwa kilichemshwa katika maji yenye chumvi za shaba, kikageuzwa na kutazamwa hadi rangi iliyotakiwa itokee. Wakati mwingine kilifukizwa moshi na kupakwa nta kikiwa moto. Kisha mikono ya miaka mingi ikaongeza yake: mgongo wa bata unapopapaswa huwa mweusi wa kung'aa, na chini ya shingo hubaki mkavu. Ukimpaka limau, rangi ya kuchemshwa na ya mikono zote zinaondoka kwa dakika chache. Hakuna dawa ya dukani inayozirudisha, na mnunuzi anayejua ataona papo hapo.

Vumbi liondoe kwa brashi laini. Masizi ya ndani yaache. Kama kuna unga wa kijani unaodondoka na kurudi kila ukiupangusa, hiyo ni kutu inayokula shaba. Mtoe mnyama mahali penye unyevu, mfunge kwenye kitambaa kikavu, na usimhifadhi karibu na chumvi wala betri. Hewa ya Tunduma inafaa. Mombasa au Unguja ingekuwa kazi kubwa zaidi.

5. Tupa haina ruhusa

Wanunuzi wa skrepa wana mazoea ya kumkwaruza mnyama tumboni kwa tupa waone rangi ya ndani. Nimewakatalia wengi kwenye benchi langu. Kwanza sumaku: ikishika, una chuma au kitu kilichopakwa rangi ya shaba, ingawa Japani ilisubu pia vyetezo vya chuma vinavyostahili heshima yake, kwa hiyo usikitupe kwa sababu hiyo peke yake. Kisha baridi: shaba huvuta joto la kiganja, resini haivuti. Mwisho mgongee kwa kifundo cha kidole. Shaba nzima hujibu kwa mlio unaobaki. Iliyopasuka na kuzibwa kwa gundi hujibu kwa mlio mfupi uliokufa.

Anayetaka kuona tupa inaacha nini aende Kimondo cha Mbozi, kule Ndolezi, kwenye mlima Marengi. Ni bonge la chuma na nikeli lenye urefu wa mita kama tatu, lililoanguka kutoka angani na kuingia katika kumbukumbu za wanasayansi mwaka 1930. Kwenye ncha yake kuna alama za watu waliojikatia vipande vya ukumbusho. Kimondo kitadumu na makovu hayo muda wote kitakaodumu.

6. Maandishi ya chini yasome, ila usiyaamini peke yake

Mgeuze mnyama. Chini unaweza kukuta muhuri wa herufi za Kichina ndani ya mraba. Muhuri unaopatikana zaidi kwenye vyetezo vya Asia ya Mashariki ni wa mfalme Xuande wa China, aliyetawala kuanzia 1425 hadi 1435, kwa sababu vyetezo vya shaba vya enzi yake vilisifiwa mno. Karne zote zilizofuata mafundi wameupiga muhuri huo kwa kuheshimu au kwa kudanganya, China na Japani pia. Ukiuona, chukulia kwamba chombo ni cha baadaye mpaka mtaalamu akuambie vingine.

Maandishi ya Kiingereza yanasaidia zaidi kwa tarehe. Sheria ya ushuru ya Marekani ya 1890 ilidai bidhaa zinazoingia ziandikwe nchi zilikotoka. Wajapani wengi waliandika Nippon, hadi mwaka 1921 Wamarekani walipotaka jina Japan. Mnyama asiye na neno lolote anaweza kuwa wa kabla ya sheria hiyo, au alikwenda nchi nyingine, au aliuzwa hukohuko kwao. Tena wapo mafundi wakubwa ambao hawakusaini kitu.

7. Udi ni uleule

Mimi ni Mkatoliki, na utotoni nilikuwa mtumishi wa altare Vwawa. Kushika mnyororo wa chetezo, kuweka kaa lililokolea, kumpelekea Baba Padri ubani auweke juu: hayo niliyajua kabla sijajua kuendesha baiskeli. Baadaye, kwa akina mama wa Kizanzibari na wa Kitanga walioolewa Tunduma, nikaujua udi. Nilipoanza kuuliza Wajapani waliwafukizia nini wanyama wao, nilitegemea kusikia kitu kigeni. Nikakuta ni udi huohuo.

Mti wake, unaoitwa Aquilaria, hukua misitu ya kusini-mashariki mwa Asia. Ukiwa mzima hauna harufu ya maana. Ukijeruhiwa na kuingiwa na ukungu, hujikinga kwa kujaza utomvu mzito mweusi kwenye mbao, na mbao hizo ndizo udi. Mashua za kale zilizipeleka magharibi kwa Waarabu na Waswahili, na mashariki kwa Wachina na Wajapani. Kitabu cha kale cha historia ya Japani kinasimulia kwamba mwaka 595 gogo lilisukumwa na bahari hadi kisiwa cha Awaji. Wenyeji wakalitia motoni kama kuni, harufu ikawashtua, wakalipeleka kwa mtawala. Huko Nara, kwenye ghala la hazina lililokuwa la hekalu la Todaiji, lipo gogo la udi liitwalo Ranjatai, lenye urefu wa mita moja na nusu na uzito usiofika kilo kumi na mbili. Oda Nobunaga, jemadari aliyetisha nchi nzima, alikatiwa kipande chake mwaka 1574, na mfalme Meiji akakatiwa chake mwaka 1877. Wenye gogo hilo hawakuwahi kuliuza.

Namna ya kuufukiza ndiyo tofauti, na kwa mwenye chetezo cha kale tofauti hiyo ni ya lazima. Sisi huweka udi juu ya kaa jekundu na moshi hupanda kwa nguvu. Mabingwa wa Kijapani hujaza chombo jivu laini, hufukia kaa ndani yake, huweka kibati chembamba cha madini ya ulanga juu ya jivu, na kwenye kibati hicho kichane kidogo cha udi. Udi unapata joto bila kuungua, na moshi hauonekani sana. Jivu hilo pia linamkinga mnyama. Kaa likigusa shaba moja kwa moja linaharibu rangi, na kama kuna mguu uliowahi kulehemiwa kwa bati, lehemu inaachia. Mimi, ninayelehemu kila siku, nawaambia waziwazi: lehemu haitaki moto wa mkaa. Jaza jivu hadi nusu ya tumbo la bata, jivu lililochekechwa, na kaa liwe dogo.

Usipikie kwenye chombo hicho, wala usikigeuze bakuli. Nimeshasema kina risasi.

Udi wenyewe umekuwa adimu. Tangu 2005 aina zote za Aquilaria ziko chini ya mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na biashara yake kati ya nchi na nchi inahitaji vibali. Kinachouzwa kwa bei ya mchicha sokoni ni vipande vya mbao vilivyolowekwa mafuta ya manukato. Kinanukia, na kina moshi mchafu unaoacha ute ndani ya kichwa cha mnyama. Kwa chetezo cha kale ni heri ubani safi kidogo.

8. Si kila nyumba itampokea

Jirani yangu, mama mtu mzima wa Kiislamu, alimsifu bata niliyemwonyesha kwa maneno mengi, akakataa kwa upole kuachiwa ili amjaribu kwa udi wake. "Mwanangu, mimi nasali chumba hiki. Sanamu sitaiweka." Vyetezo vyake ni vya udongo, vyenye miguu na matundu ya pembetatu, na vinafanya kazi kikamilifu. Niliona ana haki, na tangu siku hiyo simpelekei mtu mnyama kabla ya kumuuliza.

Hata hivyo historia ya Waislamu wenyewe ina mambo mengi kuhusu jambo hili. Jumba la makumbusho la Metropolitan mjini New York lina chetezo cha shaba chenye umbo la simba, kirefu kufika sentimita themanini na tano hivi, mwili wake ukiwa umetobolewa nakshi ili moshi utoke kila upande na shingo ikiwa inafunguka. Kimeandikwa kwa Kiarabu jina la amiri aliyeagiza, jina la fundi, Ja'far bin Muhammad bin Ali, na mwaka wa Hijria 577, unaoangukia 1181 na 1182. Kilitengenezwa Uajemi kwa ajili ya nyumba ya mkubwa. Fundi yule hakujua lolote kuhusu fundi wa Takaoka, Japani, atakayezaliwa miaka mia saba baadaye, lakini wote wawili waliona jambo lilelile: moshi unaotoka kinywani hufanya chuma kionekane kinapumua.

9. Muuzaji aeleze alikokipata, na aandike

Tunduma ni mpakani, na vitu vya wizi hupita mpakani. Mimi huomba jina, namba ya simu, mahali kilipotoka na sahihi, hata kama muuzaji ni dereva ninayemjua miaka yote. Akisita, sinunui. Na mtu asichanganye mnyama wa Kijapani na kitu cha kale kilichochimbwa hapa nchini: hicho kina Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na kukivusha kwenda nje bila kibali ni kosa. Ukikuta jembe la kale la Wanyiha au mdomo wa mvukuto shambani, peleka habari kwa ofisi ya utamaduni ya halmashauri.

10. Nta tunayo

Mwaka 1611 mtawala Maeda Toshinaga aliwaalika wasubu saba katika mji mpya wa Takaoka na kuwapa mtaa wa kujenga matanuru. Hawakuanza na bata. Walianza na vyungu vya kupikia na zana za mashamba, na vyetezo vilikuja baadaye sana, mikono ilipokwisha kuzoea. Mji huo bado unasubu shaba.

Ninayafikiria mambo hayo nikiangalia tulivyonavyo. Misitu ya miombo ya Wilaya ya Songwe ina nyuki, na baada ya kukamua asali watu wengi huitupa nta au huiuza kwa bei ya kuondolea uzito. Udongo mzuri upo. Wanawake wa Ileje na Mbozi wanaufinyangia vyungu na wanaujua kwa kuubonyeza. Shaba na bati viko kwenye rejeta mbovu zilizorundikana nyuma ya kila gereji mpakani. Utomvu wa msonobari unatoka kwenye miti tuliyoipanda wenyewe milimani. Kitu ambacho hatuna ni mtu wa kuwafundisha vijana kuvitumia pamoja, na mshahara wa kumshikilia mpaka wa kwanza wao ajue.

Parokia moja imenipa chetezo chao kilichokatika kifuniko, nami nimeomba nisikilehemu bali nikisubu kipya kwa nta. Kijana ninayefanya naye kazi, mwenye macho makali kuliko yangu, amechonga juu yake kanga, si bata, kwa sababu kanga tunao. Madoa tumeyatoboa kwa sindano ili moshi upitie hapo. Nta ni ya Songwe, udongo wa ndani ameuchagua mama mfinyanzi kutoka Ileje, na kiini kimekauka bila ufa. Kalibu ina njia mbili za hewa, moja kichwani na moja mkiani, na tutaichoma wiki ambayo mvua itatupa siku mbili kavu mfululizo.